Mgodi Ulifungwa, Chungu Kikabaki

Mtalii akiwa Toledo, Hispania, anaondoka asubuhi, anaonja jibini ya kondoo na divai ya La Mancha, jioni karudi mjini. Hebu tujiulize: wewe ukiwa Saza, mkoani Songwe, safari kama hiyo ingekupeleka wapi?

Saza inajulikana kwa dhahabu. Mgodi wake, katika ukanda wa Lupa, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, na hesabu ya wakia zilizotoka ipo vitabuni. Sawa, lakini waliozichimba walikula nini? Migodini enzi za ukoloni kibarua alipewa posho, yaani unga wa kupimiwa. Ndiyo, neno lile lile tunalolidai kwenye semina! Na kwa kuwa Lupa ni nchi kavu, chakula kingi kilitoka kwingine. Mchele wa Rungwe, kwa mfano, ulipata soko huko.

Basi fuata njia za chakula. Ukiteremka Ziwa Rukwa, utakula magege, jamaa wa sato. Ziwa hili halina mto unaotoka: maji huondoka kama mvuke, chumvi inabaki. Samaki wake wamezoea maisha hayo.

Siku nyingine panda nyanda za Mbozi, kwenye ulezi. Hapo ndipo penye "divai" yetu: kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Zabibu tayari ina sukari; hamira inaanza kazi mara moja. Ulezi una wanga, na hamira haiwezi kuula wanga. Ndiyo maana mpishi huuloweka na kuuotesha kwanza. Mbegu ikichipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kimea hukaushwa, husagwa, hupikwa, kisha huachwa kichachuke. Hiyo ni bayokemia, na kwa sehemu kubwa imekuwa mikononi mwa wanawake.

Tofauti ni hii: wakia ziliandikwa, kimea hakikuandikwa. Mgodi ulipofungwa, rekodi zake zilibaki. Bibi mpika pombe akiondoka, anaondoka na vipimo vyake: siku ngapi za kuloweka, kimea kinukie vipi, moto uwe kiasi gani.

Kwa hiyo ukienda likizo, usirudi na picha tu. Kaa jikoni na bibi, beba daftari, uliza, andika.