Kanali Mamadou Ndala na Njia ya Ngadi

Msafiri atokaye mjini Beni akishika njia ya kaskazini, iendayo Mavivi kwenye uwanja wa ndege na kisha Mbau, Oicha na Eringeti, hupita mahali paitwapo Ngadi. Na hapo, tarehe 2 Januari 2014, gari la kijeshi lilipigwa kwa roketi likawaka moto, na ndani yake akafa Kanali Mamadou Moustafa Ndala pamoja na baadhi ya walinzi wake, siku ya pili ya mwaka, ilhali watu wa Beni na Butembo wangali wakipeana salamu za heri. Umri wake ulikuwa miaka 35.

Alizaliwa mwaka 1978 huko Ibambi, upande wa Wamba, katika nchi za Uele. Lakini atakaye kufahamu kwa nini raia wa Kivu Kaskazini walimpenda mtu huyu kwa mapenzi ambayo askari aghalabu hawapewi, sharti akumbuke kwanza jeshi lake lilikuwa katika hali gani. Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, na askari wa serikali wakarudi nyuma hadi Minova, na huko baadhi yao wakawanajisi wanawake na kupora majumba, fedheha ambayo baadaye ilifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwa miaka mingi mama wa kijijini, akiona sare ya jeshi ikija njiani, alifanya haraka kumficha mbuzi na kumficha binti, wala hakuuliza kwanza ni sare ya upande gani.

Kanali Mamadou aliongoza batalioni ya 42 ya makomando. Vita viliporudi mwezi wa Julai 2013 pale Mutaho na Kanyaruchinya, karibu na Goma kiasi cha mizinga kusikika sokoni, habari zilienea mjini kwamba huyu kanali yuko mbele pamoja na vijana wake, wala hakai nyuma akatoa amri kwa simu. Wanawake wakaondoka na masufuria ya chakula na madumu ya maji kuwapelekea askari. Kisha zikavuma habari kwamba Kinshasa inamwita arudi; na watu wa Goma, wengi wao vijana na kina mama, wakatoka barabarani kwa hasira wakidai aachwe mahali pake. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Katika nchi hii, tangu zama za Force Publique ya Wabelgiji, raia alizoea kuomba askari aondoke. Na hapa umma ulisimama kuomba askari abaki. Nishani yoyote ambayo serikali ingemvika kifuani isingepita heshima hiyo.

Haki yataka isemwe kwamba hakuwa peke yake. Juu yake alikuwepo Jenerali Lucien Bahuma, na kando yao kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa kwa azimio namba 2098 la mwezi wa Machi 2013, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ambacho nacho kililipa kwa damu: Meja Khatibu Mshindo wa Tanzania aliuawa tarehe 28 Agosti mwaka huohuo. Mwisho wa Oktoba mambo yalikwenda kwa kasi. Kibumba, Rutshuru na Rumangabo vilirudi mikononi mwa serikali, na tarehe 30 ikafuata Bunagana. Na tarehe 5 Novemba vilima vya Chanzu na Runyonyi, ngome ya mwisho ya waasi, vikatekwa.

Basi ushindi ule ulipokamilika, kanali alielekezwa Beni, kwenye adui wa namna nyingine kabisa. ADF, waliotoka Uganda na kujichimbia katika misitu iliyo chini ya Rwenzori tangu miaka ya 1990, hawakuwa wakishika miji wala kutoa hotuba. Wao walikuwa wakiteka watu njiani na mashambani. Mwezi wa Julai 2013 shambulio lao la Kamango liliwavusha watu zaidi ya 60,000 hadi Bundibugyo, ng'ambo ya mpaka, na siku ya Krismasi walivamia Kamango tena. Kwa mkulima wa kakao wa Mbau, na kwa mfanyabiashara wa Butembo ambaye riziki yake imo katika usalama wa barabara, kuja kwa jemadari aliyeishinda M23 kulikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Hakukaa nao ila majuma machache.

Maiti yake ilichukuliwa Kinshasa kwa maziko, naye akapewa baada ya kufa cheo cha jenerali wa brigedi. Hapo mwanzo serikali ilisema kwamba ni ADF waliomvizia. Lakini mahakama ya kijeshi iliyoketi Beni kuanzia Oktoba 2014, ambako wenyeji walisikiliza kwa masikio yao wenyewe, ilimtia hatiani tarehe 17 Novemba luteni kanali mmoja wa jeshi lilelile, ikamhukumu kufa. Uchungu wa hukumu hiyo haukuwa mdogo kuliko uchungu wa msiba, kwa kuwa ilithibitisha mnong'ono uliozunguka mji tangu siku ya kwanza, ya kwamba hiana ilitoka nyumbani.

Kazi aliyoiacha ilichukuliwa na Jenerali Bahuma, aliyefungua operesheni ya Sukola katikati ya Januari 2014 na kuziteka kambi za msituni moja baada ya nyingine. Naye akaugua, akafariki mwezi wa Agosti. Hivyo katika muda wa miezi minane Beni ilipotewa na majemadari wawili. Na usiku wa tarehe 15 Oktoba wauaji wakaingia Ngadi, mahali palepale, wakawachinja raia majumbani mwao kwa mapanga na mashoka. Kesi ya kanali ilikuwa ingali ikisikilizwa mjini.