Mkono wa Gia kwenye Barabara ya Mombasa: Historia Kutoka Kibwezi

Mkono wa gia ndio unaounganisha kiganja cha dereva na giaboksi, na urefu wake umetokana na kazi kuliko urembo. Kila kizazi cha magari yaliyopita Kibwezi kilikuwa na mkono wa umbo lake, kulingana na nguvu ya kuingizia gia, uzito wa mzigo na hali ya njia. Mji huu wa Kaunti ya Makueni uko karibu na Vilima vya Chyulu, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Unapitiwa na barabara ya kilomita zipatazo 480 inayopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hapa pia ndipo inapochepuka njia ya Kitui kupitia Ikutha na Mutomo. Kwa lori lililosheheni, mpando wa kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kazi ya gia tangu mwanzo hadi mwisho.

Safari za mbali zilikuwapo Kibwezi kabla ya injini. Misafara ya watembeao kwa miguu ilivuka nyika hii kutoka pwani, na mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo hapa, kisha wakakihamishia Kikuyu mwaka 1898. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na Kibwezi ikawa stesheni. Kwa miongo mingi mizigo mizito, ikiwemo katani ya mashamba ya Kibwezi, ilisafiri kwa treni. Serikali ya kikoloni ililinda mapato ya reli, kwa hiyo barabara iliyofuatana nayo haikupewa uzito. Sehemu kubwa yake ilibaki ya udongo, na lami haikukamilika hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, Kenya ikiwa tayari huru.

Miongoni mwa magari ya mwanzo katika Afrika Mashariki ilikuwamo Ford Model T, iliyotoka Marekani mwaka 1908. Gari hilo halikuwa na mkono wa gia kama unaojulikana leo: gia zake mbili za mbele zilibadilishwa kwa pedali ya mguu wa kushoto. Malori yaliyofuata yalikuwa na giaboksi ya meno yanayoteleza na kukamatana, bila kifaa cha kusawazisha mwendo wake. Dereva alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akapiga mafuta kidogo, akakanyaga tena ndipo akaingiza gia ya chini. Akikosea, meno yalisagana kwa kelele na kuvunjika. Cadillac ya Marekani ilianza kutumia ringi za kusawazisha mwendo, yaani sinkromeshi, mwaka 1928, lakini malori mengi ya kazi yaliendelea na mtindo wa zamani kwa miaka mingi baadaye. Mkono wa malori hayo ulikuwa mrefu kwa sababu nzuri: mkono mrefu humpa dereva nguvu ya wenzo, na humwezesha kuhisi meno kabla hayajakamatana.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Coronation Safari, yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally, na kwa miaka mingi njia yake ilishuka hadi pwani. Historia yake inaonyesha mikono miwili tofauti ikifaulu kwenye barabara za aina moja. Volkswagen ya kobe, iliyong'ara miaka ya mwanzo na kushinda tena mwaka 1962, ilikuwa na mkono sakafuni uliounganishwa na giaboksi ya nyuma kwa fimbo ndefu iliyopita katikati ya gari. Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ilikuwa na mkono kando ya usukani. Volkswagen hiyo ni mojawapo ya magari yaliyochochea biashara ya mikono mifupi ya kununuliwa. Huko California kampuni ya EMPI, iliyoanzishwa miaka ya 1950, iliuza vifaa vya kupunguza safari ya mkono wake. Mtengenezaji wa mikono ya gia George Hurst naye alifanya hivyo kwa magari makubwa ya Marekani.

Kibwezini, kama kwingine kwenye barabara hii, kazi ya makanika ilikuwa zaidi kurudisha usahihi uliopotea kuliko kuongeza kasi. Amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973 iliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na katika muongo huohuo viwanda vya kuunganisha magari vilianzishwa Thika, Nairobi na Mombasa. Magari yakaongezeka, na mafundi wa jua kali wakaongezeka nayo. Vumbi jekundu la Ukambani hupenya kwenye viungio vya fimbo za gia na kula bushi. Bushi ikilika, mkono hulegea, dereva hutafuta gia ya pili akaikosa, na gia ya juu huruka yenyewe kwenye matuta. Kubadili bushi, kupaka grisi na kupima upya urefu wa fimbo ndiyo shule iliyowaandaa mafundi kwa mkono mfupi.

Mkono mfupi wa kisasa ulienea Kenya pamoja na magari ya mitumba kutoka Japani, yaliyoingia kwa wingi tangu vizuizi vya uagizaji vilipolegezwa miaka ya 1990. Subaru Impreza ni mojawapo ya magari ambayo wenye nayo hupenda kufungia kifaa hiki. Kanuni yake ni ya wenzo. Tuseme mkono una milimita 300 juu ya egemeo, yaani mahali unapogeukia, na 30 chini yake: kirungu cha juu kikisogea milimita 100, ncha ya chini husogea 10. Egemeo likipandishwa milimita 10, urefu wa juu huwa 290 na wa chini 40, na kwa kazi ileile kirungu husogea karibu milimita 73 tu. Gharama yake ni nguvu, kwani mkono sasa unahitaji msukumo unaozidi wa awali kwa zaidi ya theluthi moja. Fundi anayekata mkono kwa msumeno upande wa juu hufupisha safari pia, lakini humlazimu dereva kuinama kuufikia.

Urekebishaji wa mkono mfupi huanzia chini. Kwanza bushi na viungio hukaguliwa, kwa sababu mkono mfupi hukuza kila ulegevu uliopo. Kisha giaboksi huwekwa frii, na fimbo au kebo hurekebishwa hadi mkono usimame katikati bila kuvutwa upande wowote. Baada ya hapo kila gia huingizwa injini ikiwa imezimwa, ili kuhakikisha meno yamekamatana kikamilifu kabla mkono haujagota kwenye kizuizi. Kizuizi kikikaribia mno, gia huingia nusu na kuruka barabarani. Kikiwa mbali mno, msukumo wa dereva huumiza uma za ndani ya giaboksi. Kizuizi cha gia ya kurudi nyuma hujaribiwa mwisho, kisha nati zote hukazwa. Jaribio la barabarani hufanywa giaboksi ikiwa imepata moto, na dereva huonywa asilazimishe, kwa kuwa haraka ya mkono hulipwa na ringi za sinkromeshi.

Siku hizi magari mengi madogo yanayopita Kibwezi hubadilisha gia yenyewe. Tangu mwaka 2017 treni ya reli mpya huwasafirisha abiria wengi ambao zamani wangepanda basi. Hata hivyo, malori, pikapu na matatu nyingi bado zina klachi na mkono, na lami iliyofika Kitui kupitia Mutomo imeongeza magari kwenye njia hiyo. Kazi ya makanika kwenye magari hayo inabaki ileile: kuhakikisha mwendo wa kiganja unafika kwenye meno ya gia bila kupungua wala kupotoka.