Mafuta Yaliyokataa Kuzibwa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni neno la hekima, wala hatulikanushi. Lakini mara nyingine mtu akiziba kabla ya kuuliza, huifunika elimu kubwa. Habari ifuatayo yatuonyesha jambo hilo.

Katika karne ya 19 gari la moshi lilienea nchini Uingereza, likachukua watu na mizigo kila upande. Behewa zima, pamoja na vyote vilivyomo, huchukuliwa na ekseli, yaani vyuma vya mviringo vinavyounganisha magurudumu. Zamani hizo ekseli ilizunguka chini ya vipande vya shaba, na kati ya shaba na chuma yalitiwa mafuta. Mafuta yalipokosekana, viwili hivyo vilisuguana, vikapata moto mkali, na ekseli iliweza kukatika safarini. Hivyo maisha ya abiria wengi yalitegemea matone machache ya mafuta. Hata hivyo, mafundi waliyatia kwa mazoea tu. Walitoboa tundu juu ya shaba, mahali penye uzito mwingi, wakitumaini kwamba mafuta yatashuka yenyewe.

Ndipo Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha Uingereza kilipompa Beauchamp Tower kazi ya kuchunguza msuguano. Tower aliunda mtambo wenye ekseli iliyozunguka, na juu yake akaweka kipande cha shaba kilichokandamizwa kwa uzito. Sehemu ya chini ya ekseli aliizamisha katika mafuta. Akaona ajabu: msuguano ulikuwa mdogo mno.

Siku moja lilitobolewa tundu katikati ya shaba ile, ili mafuta yatiwe kwa juu kama ilivyokuwa desturi. Mtambo ulipoendeshwa tena, mafuta hayakushuka. Yalipanda, yakamwagika nje! Tundu likazibwa kwa kizibo chepesi; kizibo kikasukumwa, kikatoka. Kikatiwa kizibo cha mti, nacho kikatoka.

Hapo Tower angeweza kutafuta kizibo cha chuma, akakigongomea kwa nyundo, na habari ikaishia pale. Badala yake alifunga kipimio cha nguvu mahali pa kizibo. Mshale ukapita alama ya ratili 200 kwa kila inchi ya mraba, hali uzito uliokandamiza shaba ulikuwa, kwa wastani, ratili 100 tu. Basi siri ikafichuka: shaba haikugusa ekseli kabisa. Ilielea juu ya utando mwembamba wa mafuta, kama mashua ielevyo majini. Tena ikadhihirika kwamba tundu la juu, walilolitegemea mafundi, lilikuwa mlango wa kutokea mafuta, si wa kuingilia.

Tower alitoa taarifa yake mwaka 1883. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi mjini Manchester, alieleza sababu yake kwa hesabu. Ekseli izungukapo huyavuta mafuta na kuyaingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, mfano wa kabari. Yakibanwa humo, hupata nguvu ya kuinua mzigo mzito. Juu ya msingi huo wahandisi wamejenga mitambo mikubwa, hata ile izungushwayo na maji ya mito ili kutoa umeme.

Katika injini ya motokaa, pampu husukuma mafuta hadi kwenye vyuma vizungukavyo, na nguvu hiyo ikipungua, taa huwaka mbele ya dereva. Huenda mafuta yanavuja. Dereva mwenye busara husimama, akazima injini, akainama kutazama chini ya gari lake. Mjinga huendelea na safari mpaka injini iungue.

Nawe, mwanafunzi, ukikuta jambo linalopinga matazamio yako, usikimbilie nyundo. Ufa na uzibwe, naam. Lakini kwanza uulizwe umetoka wapi.