Injini katika bustani ya Cannstatt

Katika karne ya 19, wenye nafasi zao Ulaya walikuwa wakisafiri kwenda kunywa maji. Si maji hivi hivi, bali yale ya madini yabubujikayo ardhini, ambayo daktari alikupimia glasi zako za asubuhi. Cannstatt, mji mdogo wa ufalme wa Württemberg kando ya mto Neckar, kusini mwa Ujerumani, ulijaliwa maji hayo tele. Mfalme Wilhelm wa Kwanza akaupenda. Msanifu wake, Nikolaus von Thouret, akajenga Kursaal, ukumbi wa wageni wenye bustani ya kupunga upepo. Ng'ambo ya mto mfalme akajijengea Wilhelma, jumba lenye matao kama ya Waarabu wa Andalusia. Siku hizi wanaishi wanyama humo.

Oktoba 1845 treni ya kwanza ya Württemberg ikaanza safari kati ya Cannstatt na Untertürkheim. Reli ilileta wagonjwa, lakini ilileta pia mizigo na vibarua, na viwanda navyo havikukawia.

Mwaka 1882 Gottlieb Daimler, aliyekuwa amekosana na wakubwa wake katika kiwanda cha injini cha Deutz, alinunua nyumba jirani na bustani ya Kursaal. Uani mlikuwa na kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea. Akakigeuza karakana, akajifungia humo na mwenzake Wilhelm Maybach, usiku na mchana, bila kumwambia mtu wanafanya nini. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani aliingiwa na shaka: hawa bila shaka wanachapa noti bandia! Polisi wakaingia kwa ufunguo wake, wakakuta vyuma na injini tu. Mwaka 1885 kikatoka humo chombo cha magurudumu mawili, cha mbao, chenye injini chini ya kiti. Mwana wa Daimler akakiendesha hadi Untertürkheim.

Kibanda kilikuwa kimeshakuwa kidogo. Mwaka 1887 kazi ikahamia kiwanda cha Seelberg, humo humo Cannstatt, na hapo ndipo lilipoundwa gari la kwanza kuitwa Mercedes, jina la binti wa mteja wao Emil Jellinek. (Karl Benz hakuwa na mkono katika hayo, yeye alikuwa Mannheim, na kampuni yake na ya Daimler ziliungana mwaka 1926 tu.) Moto ulipoteketeza kiwanda mwaka 1903, kazi ikahamia Untertürkheim. Miaka miwili baadaye Cannstatt nayo ikaunganishwa na Stuttgart.

Wapo wanaosema viwanda viliua mji wa tiba. Viliufukuzia wageni wa kifalme, hilo kweli, lakini maji hayakukauka. Stuttgart ina chemchemi 19 za madini, nyingi zikiwa Cannstatt na jirani yake Berg, na wenyeji wanaendelea kuoga. Cha ajabu, heshima rasmi ya kuitwa Bad, yaani mahali pa kuogea kwa tiba, Cannstatt iliipata mwaka 1933. Wakati huo ilikuwa mtaa wa mafundi, na Mahle, watengenezaji wa pistoni, walikuwa wameshaanza kazi hapo tangu 1920. Makao makuu yao yangali Bad Cannstatt.