Tafsida Mahakamani: Kesi ya Gault, 1967

Mwaka 1964, jimboni Arizona, Marekani, Gerald Gault, kijana wa miaka 15, alikamatwa kwa tuhuma ya kumtolea jirani maneno machafu kwa simu. Wakili hakuwapo; mlalamikaji hakufika mahakamani. Kijana akaamriwa kukaa katika shule ya ufundi ya jimbo hadi miaka 21, ilhali mtu mzima angalitozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa miezi isiyozidi miwili. Utetezi wa jimbo uliegemea msamiati: huyu si mshtakiwa, ni mtoto, pale si gerezani, ni shuleni. Shule gani hiyo isiyo na ruhusa ya kutoka! Mwaka 1967 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Abe Fortas, iliikataa tafsida hiyo: mtoto naye aelezwe mashtaka mapema, awe na wakili, mashahidi wahojiwe mbele yake, wala asilazimishwe kujishtaki.