Kihindi kina siku yake, Kizaramo je?

Septemba 14 ni Siku ya Kihindi nchini India. Tarehe hiyo mwaka 1949, Bunge la Katiba lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya serikali kuu. Kiingereza kikaachiwa miaka 15 tu. Muda ulipofika, 1965, wasemaji wa Kitamil kule kusini waliingia mtaani kupinga. Watu walikufa, na Kiingereza kipo mpaka leo.

Kiswahili nacho kina Julai 7, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hapa Tanzania hakuna aliyeandamana. Ila kwa Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha, lugha ya nyumbani inapungua kimyakimya: bibi anauliza kwa Kizaramo, mjukuu anajibu kwa Kiswahili. Kwenye nyimbo za ngoma ya mwali bado utakisikia.