ADHD ya Ukubwani: Lishe na Njia Zisizo za Dawa (Gakindu, Nyeri)

ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuuongoza umakini wake, ahangaike, au atende kabla ya kufikiri, kiasi cha kuvuruga kazi, pesa na maelewano nyumbani. Huanza utotoni. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013, DSM-5, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Kwa mtu wa miaka 17 na zaidi dalili tano zatosha pale ambapo mtoto huhitaji sita. Kwa sehemu kubwa hurithiwa: tafiti za mapacha huweka mchango wa urithi karibu na asilimia 74. Hakuna chakula kinachojulikana kuiondoa. Lakini mlo, usingizi, mazoezi na mpangilio wa siku vinaweza kupunguza makali yake, na makala haya yanalitazama jambo hilo katika Gakindu, kituo cha biashara cha Mukurweini, kusini mwa Kaunti ya Nyeri, ambako riziki hutoka kwenye kahawa, ng'ombe wa maziwa na mashamba madogo ya miteremkoni.

Njia zisizo za dawa zina uzito wa pekee mahali kama hapa. Methilfenidati, dawa inayotumika zaidi duniani kwa ADHD, inadhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa za akili, na maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa 2019 na tena 2021. Si dawa ya kutarajia katika duka la dawa la soko dogo. Isitoshe, kumwona daktari wa akili bado kuna aibu yake. Mtu wa Nyeri akisikia Mathari huenda akafikiria hospitali ya Wakonsolata iliyo papo hapo Nyeri, ila ile ya akili ya Nairobi yenye jina hilohilo ndiyo iliyozoeleka katika utani kuhusu wendawazimu, na utani huo umewafanya wengi wakae na shida zao kimya.

Msimu mkubwa wa kahawa, kati ya Oktoba na Desemba, unaweza kumficha kabisa mwenye ADHD. Kahawa iliyochumwa asubuhi lazima ifike kiwandani siku hiyohiyo, kwani humenywa kabla haijaharibika. Pale uwanjani mkulima huimwaga juu ya gunia, akatoa mbichi na zilizoiva kupita kiasi, huku majirani wakipiga gumzo kando yake na karani wa mizani akingoja. Kazi ina mwisho unaoonekana, ina watu, na malipo yake hupimwa machoni. Mtu asiyeweza kutulia mezani dakika kumi ataichagua kahawa hadi jioni. Balaa huja baadaye: kupogoa, kung'oa machipukizi, kuandika tarehe za mbolea na dawa. Hapo hakuna anayemngoja, na shamba huanza kuonekana la mvivu ilhali mwenyewe ameshinda akizunguka bila kuketi.

Kwenye chakula, tatizo la kwanza la mtu mzima ni saa. Husahau kula, akaamshwa na njaa saa tisa alasiri, akajaza tumbo kwa mandazi na chai yenye sukari nyingi, kisha usiku akala kupita kiasi. Njaa humfanya yeyote awe mkali na asahau. Mwenye ADHD huumia zaidi kwa kuwa akiba yake ya umakini ni ndogo tangu mwanzo. Katika hili Gakindu haina haja ya mlo wa kigeni. Githeri ya mahindi na maharagwe, njahi, mukimo wenye majani ya malenge, nduma, nguaci (viazi vitamu), mayai na maziwa ya asubuhi ni vyakula vyenye protini na wanga unaomeng'enywa polepole. Kupika githeri ya siku mbili au tatu na kuipasha kwa kitunguu na nyanya hupunguza maamuzi ya jikoni, nayo maamuzi madogomadogo ndiyo yanayomshinda mtu huyu.

Chai inahitaji uangalifu. Madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, terere na managu hufyonzwa vibaya chai ikinywewa pamoja na chakula. Ni afadhali ingoje saa moja, na tunda kama pera au chungwa liliwe na mlo wenyewe, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Upungufu wa chuma huleta uchovu na mawazo kutangatanga hata kwa asiye na ADHD, hivyo kupima damu kunafaa kabla ya kununua vidonge.

Samaki si mazoea makubwa ya mlimani, ingawa trauti waliingizwa katika Mto Gura mwaka 1905. Mafuta ya omega-3, yaliyomo katika trauti na omena, yameonyesha faida ndogo katika majaribio, mengi yakiwa ya watoto. Omena wa sokoni ni chakula kizuri. Vidonge vya bei kali vina ushahidi haba, na mwongozo wa Uingereza wa 2018 hauvishauri kwa watoto. Sukari nayo imesingiziwa: uchambuzi wa majaribio uliochapishwa 1995 haukuona kwamba inawafanya watoto watukutu. Rangi za viwandani zina kesi nzito kidogo. Jaribio la Southampton la 2007 liliona watoto wakichangamka kupita kiasi, na tangu 2010 Ulaya hudai onyo kwenye vyakula vyenye rangi hizo. Kwa watu wazima ushahidi ni mwembamba zaidi. Utafiti wa New Zealand wa 2014 uliwapa watu wazima 80 mchanganyiko wa vitamini na madini, au vidonge bandia, kwa wiki nane: wenyewe na watu wao wa karibu waliona nafuu, lakini kipimo cha dalili kilichojazwa na daktari hakikuonyesha tofauti ya wazi. Anayekuuzia unga wa kuponya ADHD, awe kwenye matatu au kanisani, amewatangulia watafiti mbali sana.

Wakulima wengi wa kahawa hunywa chai, lakini yeyote anayetumia kahawa kujikusanya akumbuke kwamba nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, na usingizi uliokatika huharibu umakini wa kesho. Miraa ya Meru na muguka wa Embu ni hatari zaidi. Kathinoni iliyomo ina undugu na amfetamini, kwa hiyo mtu anaweza kuhisi ametulia na kupata mwelekeo. Asichoweza ni kujua kipimo, kulala, wala kula. Pombe huja kumshusha usiku, na mzunguko huo huwanasa wenye ADHD kuliko wengine.

Tiba ya mazungumzo inayofundisha mbinu za kupanga siku ina ushahidi mzuri. Mwaka 2010 jaribio la Boston la watu wazima 86, wote wakiwa tayari kwenye dawa, lilikuta waliopewa tiba hiyo wakinufaika zaidi kuliko waliopewa mafunzo ya kutuliza mwili. Mbinu zenyewe zinaweza kuanza nyumbani: daftari moja tu, kengele ya simu kwa kila dawa ya ng'ombe, kazi kubwa kuvunjwavunjwa. Wagikuyu walilimiana kwa zamu katika ngwatio, na wakufunzi wa leo wanashauri jambo la aina hiyo, yaani kufanya kazi ngumu mwenzako akiwa kando. Pesa zihamishiwe mahali pagumu kufikiwa siku ya malipo ya kahawa, na mkopo wa simu uogopwe, kwa kuwa hupatikana kabla wazo la pili halijafika. Kupanda mlima kwa haraka dakika thelathini huchangamsha akili kwa muda, hivyo ni vizuri kufanywe kabla ya kazi ya karatasi.

Aliye tayari kwenye dawa asiiache kwa sababu ameanza mlo mpya. Vichangamsho kama methilfenidati hukata hamu ya chakula mchana, kwa hiyo kiamsha kinywa kamili kiliwe kabla ya kumeza, na uzito na shinikizo la damu vipimwe kila mara anaporudi kliniki.